Mtafute mwenye kitenzi: jinsi ya kutambua aina za sentensi za Kiingereza

SWALI

Shikamoo mwalimu. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili. Sasa nina watoto wawili na najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, nasoma usiku watoto wakishalala. Kwenye zoezi la aina za sentensi za Kiingereza nimekosa zote nne, na daftari limerudi na alama za kosa tu, bila maelezo. Ya kwanza: "After the long rains of April and May, the farmers in our village planted maize, beans and cowpeas." Niliandika "complex", maana ni ndefu na imeanza na "after". Ya pili: "The boy who broke the window ran away and hid." Niliandika "compound" kwa sababu ya "and". Ya tatu: "I know he is sick." Niliandika "simple", ni fupi na haina kiunganishi chochote. Ya nne: "Had I known you were coming, I would have cooked." Hii niliandika "conditional", kwa kuwa kwenye Kiswahili tulifundishwa sentensi shurutia. Mwalimu, nitazame nini hasa?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimezisoma sentensi zako zaidi ya mara moja, na nimefurahi kuona kwamba hukubahatisha. Kila jibu umelipa sababu, na sababu zote nne zina mzizi mmoja: umekisoma Kiingereza kwa sikio la Kiswahili. Katika miaka yangu ya kufundisha somo hili nimeona wanafunzi wenye bidii wakikwama papo hapo ulipokwama wewe, kwa hiyo nitakuchukua polepole penye mzizi huo, mengine tutayapita mbio.

Majina kwanza. Mtihani unataka aina nne. "Simple sentence" ndiyo sentensi sahili: kishazi huru kimoja, basi. "Compound sentence" ni sentensi ambatano: vishazi huru viwili au zaidi vilivyounganishwa. "Complex sentence" ni changamano: kishazi huru kimoja pamoja na kishazi tegemezi kimoja au zaidi. Ya nne, "compound-complex", inabeba yote: vishazi huru kuanzia viwili na tegemezi kuanzia kimoja. Upo pia mgawanyo wa taarifa, swali, amri na mshangao, lakini huo unaangalia sentensi inafanya kazi gani, na huu wetu unaangalia imejengwaje. "Where is my pen?" ni swali, na papo hapo ni sahili.

Ukiyatazama majina hayo manne utaona kazi yote ni kuhesabu vishazi, kisha kusema kipi huru na kipi tegemezi, yaani kipi kimeingia ndani ya kingine. Urefu wa sentensi haumo, wala idadi ya mikato. Na kwa kipimo cha shuleni, kishazi cha Kiingereza lazima kiwe na vitu viwili: kitenzi chenye njeo, yaani kinachoonyesha wakati, na kiima cha kitenzi hicho, yaani mwenye kitenzi.

Sasa chukua kitenzi cha Kiswahili: "walinunua". Neno moja, lakini ndani yake wamo watu, "wa-", umo wakati, "-li-", na limo tendo. Mwenye kitenzi anaishi humo humo ndani. Ndiyo maana sisi neno moja linatutosha kuwa sentensi kamili, na mtu akituambia "Walinunua" tunamwelewa. Kitenzi cha Kiingereza "bought" hakina mtu ndani yake. Mwenyewe husimama nje, kama neno linalojitegemea: "they bought". Neno hilo likikosekana, kitenzi kinabaki kumtegemea kiima aliyekwisha kutajwa nyuma, na kishazi kipya hakijazaliwa.

Weka hizi mbili pamoja uone. "Asha na Juma walikwenda Tanga wakanunua samaki." Sikio lako linasikia "wa-" mara mbili, linakuambia hapa pana vishazi viwili, na kwa Kiswahili halikosei. Sema jambo hilo hilo kwa Kiingereza: "Asha and Juma went to Tanga and bought fish." Kiima ni kimoja, "Asha and Juma", japo kina majina mawili. Vitenzi ni viwili, "went" na "bought", lakini vinamgawana kiima yule yule. Sarufi ya shule inakiita hicho kishazi kimoja chenye kiarifu cha vitenzi viwili, na sentensi ni sahili. Ongeza neno moja dogo: "Asha and Juma went to Tanga, and they bought fish." Hapo imegeuka ambatano. Iliyoigeuza ni "they". "And" ilikuwapo tangu mwanzo.

Naomba ulishike hili kuliko jambo lolote katika barua hii. "And" ni gundi inayogandisha chochote kilicho mbele yake: majina, sifa, vitenzi, hata vishazi vizima. "But" na "or" nazo ni hivyo hivyo; katika "a small but strong boat" hiyo "but" imeunganisha sifa mbili tu. Walimu wengi huwafundisha wanafunzi neno la kukumbukia, FANBOYS, lenye herufi za mwanzo za "for, and, nor, but, or, yet, so". Neno zuri, likariri. Ila kila ukikutana na mojawapo ya saba hizo, tazama upande wake wa kulia: je, kuna kiima kipya na kitenzi chake? Kama hakuna, endelea na safari.

Turudi kwa mtoto wako aliyevunja dirisha. "The boy who broke the window ran away and hid." Vitenzi vyenye njeo ni vitatu: "broke", "ran", "hid". Sasa mtafutie kila mmoja mwenyewe. Aliyevunja ni "who". Aliyekimbia ni "the boy". Aliyejificha je? Hakuna neno jipya. Ni "the boy" yule yule. Kwa hiyo vishazi ni viwili tu. "The boy ran away and hid" kinasimama chenyewe, ni huru. "Who broke the window", likichukuliwa kama taarifa, linaning'inia. Linaeleza mvulana gani. Tegemezi. Huru kimoja, tegemezi kimoja: changamano. Ile "and" uliyoitegemea imeunganisha vitenzi viwili tu.

Vipi utakijua kitenzi chenye njeo? Nina kipimo ninachokipenda kwa sababu hakihitaji kukariri orodha: hamisha sentensi kutoka leo kwenda jana, au kutoka jana kuja leo, kisha uone ni maneno gani yanayobadilika. "I want to buy a house near the school." Ipeleke jana: "I wanted to buy a house near the school." Limebadilika "want" peke yake. "To buy" limetulia palepale, maana ni kitenzijina, halina njeo, haliwezi kuhesabiwa. Maneno ya "-ing" yanayosimama bila kitenzi kisaidizi nayo hivyo hivyo. Mtoto wako wa kuvunja dirisha, ukimleta leo, anakuwa "The boy who breaks the window runs away and hides", na vitenzi vyote vitatu vimetikisika.

Kipimo hiki kitakuokoa kwenye mtego ambao hata wazungumzaji wazawa wa Kiingereza hujikwaa. Tazama: "The fish sold at the market smells bad." Utaona "sold" na "smells", utahesabu viwili, utaandika "complex". Ipeleke jana: "The fish sold at the market smelt bad." "Sold" halikubadilika, na ukiuliza nani aliuza, si samaki. Samaki kauzwa. Sentensi ni sahili. Sisi tunanaswa zaidi kwa kuwa Kiswahili husema "samaki waliouzwa sokoni", na hilo "waliouzwa" lina mtu, wakati na kirejeshi ndani yake, yaani kishazi kamili. Usijione mjinga ukijikwaa hapo. Mwaka 1970 mwanaisimu wa Marekani, Thomas Bever, alitoa sentensi iliyopata umaarufu mkubwa: "The horse raced past the barn fell." Waingereza na Wamarekani wenyewe husoma mpaka "barn", wakifika "fell" wanasimama na kurudi mwanzo, kwa sababu wamelichukulia "raced" kuwa kitenzi kikuu. Kitenzi kikuu ni "fell". Farasi aliyekimbizwa kupita banda, ndiye aliyeanguka.

Nikutahadharishe kitu kimoja ili usije ukachanganyikiwa baadaye. Nimekuambia "to buy" halihesabiwi. Hicho ni kipimo cha shule. Sarufi kubwa ya Randolph Quirk na wenzake, ya mwaka 1985, inavihesabu hata vikundi vya aina hiyo kuwa vishazi, vishazi visivyo na njeo. Siku utakapofika chuo kikuu, na naomba ufike, utavikuta. Kwa mtihani ulio mbele yako, hesabu vyenye njeo tu.

Sentensi yako ya kwanza sasa itakuwa nyepesi. "After the long rains of April and May, the farmers in our village planted maize, beans and cowpeas." Maneno yote hayo, na kitenzi chenye njeo ni kimoja, "planted". Kiima chake ni "the farmers". Kishazi kimoja, sentensi sahili, japo imejaza mstari. "Rains" hapo ni jina, masika yenyewe; tendo la kunyesha halimo. "After" imebeba kundi la majina tu, yaani kirai.

Lakini "after" inaweza pia kubeba kishazi. "After the rains stopped, the farmers planted beans." Hapo "stopped" ina kiima chake, "the rains", na sentensi ni changamano. "Before", "since" na "until" zina tabia hiyo hiyo ya sura mbili. Weka hizi tatu kwenye daftari, moja chini ya nyingine:

"Before supper, wash your hands."
"Before eating, wash your hands."
"Before you eat, wash your hands."

Mbili za kwanza ni sahili, ya tatu ni changamano. Na ukishangaa kiima cha "wash" kiko wapi, hiyo ni amri, na katika sentensi kuu ya Kiingereza amri ndiyo yenye ruhusa ya kawaida ya kumficha kiima, kwa kuwa anayeambiwa yupo mbele yako.

Kwa "before", Kiswahili kinakusaidia. Tunasema "kabla ya chakula" na "kabla ya kula", lakini "kabla hujala". Ile "ya" ikiwepo, kuna jina. Ikiondoka, kuna kishazi. Ningependa kukuambia utumie njia hiyo kwa "after" pia, ila itakudanganya. Sisi husema "baada ya mvua", na pia "baada ya mvua kukatika", "baada ya yeye kuondoka". "Ya" imo daima, maana tunakigeuza kitenzi kuwa kitenzijina. Kiingereza kinasema "after he left", kiima na njeo wazi kabisa. Kwa "after" usitafsiri. Mtafute mwenye kitenzi.

Neno "that" nalo lina sura nyingi. "That boy is my brother" ni sahili, "that" ni kionyeshi, "yule". "I think that he is right" ni changamano. "So" ikisimama peke yake na kumaanisha "kwa hiyo" huunganisha vishazi huru: "It rained, so we stayed at home", ambatano. "So that" yenye maana ya "ili" huleta tegemezi: "She stood on a stool so that she could see", changamano.

Sasa ile fupi, "I know he is sick." Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu inavunja kipimo ambacho karibu kila darasa hupewa. Tunawaambia wanafunzi: kishazi kikiweza kusimama peke yake ni huru. Haya, "he is sick" kinasimama peke yake vizuri kabisa. Mwanafunzi mwangalifu atasema basi hapa pana vishazi huru viwili, ni ambatano. Kumbe sivyo.

Vitenzi ni "know" na "is", na viima ni "I" na "he", kwa hiyo vishazi ni viwili, na "simple" haiwezekani tena hata sentensi ikiwa fupi kiasi gani. Baada ya hapo, badala ya kuuliza tu kama kishazi kinaweza kusimama, uliza kinafanya kazi gani ndani ya sentensi hii. Ninajua. Ninajua nini? Jibu ni "he is sick". Kishazi kizima kimekaa mahali ambapo jina lingekaa, pale pa shamirisho, kama vile "I know the answer". Kimeingia ndani ya kishazi kingine na kufanya kazi humo, na kishazi kinachofanya hivyo ni tegemezi. Kiunganishi chake, "that", kimedondoshwa tu. Hapa Kiswahili ni ndugu wa Kiingereza: tunasema "Najua kuwa anaumwa", na tunasema "Najua anaumwa", na hakuna anayeshtuka.

Pale tusipofanana ni kwenye kirejeshi. "Kitabu nilichonunua kipo mezani." Jaribu kuiondoa "-cho-" uone: "kitabu nilinunua kipo mezani" inakwaruza sikio. Kiingereza kinasema "The book that I bought is on the table", halafu kinaidondosha "that" bila kuacha alama: "The book I bought is on the table." Mwanafunzi anatafuta kiunganishi, hakioni, anaandika "simple". Wewe tafuta wenye vitenzi. "I" ni wa "bought", "the book" ni wa "is". Wawili. Ukiona jina na kiima kipya vimepangana bega kwa bega, "the book I", "the man she", "the day we", jua kuna kirejeshi kilichojificha katikati yao.

Jambo moja nje ya swali lako, kwa kuwa litakugharimu kwenye insha. Sisi tuna "-ka-": "Alikuja, akaniona, akakimbia." Matendo yanafuatana kama shanga, na "-ka-" ndiyo uzi. Kiingereza hakina uzi huo ndani ya kitenzi, kwa hiyo mwanafunzi huandika "He came, he saw me, he ran away", mikato mitupu kati ya vishazi huru. Msahihishaji ataihesabu kuwa kosa. Maneno ya Julius Caesar yameruhusiwa kwa Kiingereza kama "I came, I saw, I conquered" kwa kuwa vishazi vyake ni vifupi na vinapiga mdundo mmoja, lakini wewe kwenye insha weka "and", au nuktamkato, au nukta. "However" nayo haiunganishi kwa mkato tu, andika "I was tired; however, I went", na hiyo ni ambatano.

Aina ya nne haina siri mpya. "When the bell rang, the pupils ran out, but the teacher stayed behind." Wenye vitenzi ni "the bell", "the pupils" na "the teacher". Cha kwanza kimefungwa na "when", viwili vya mwisho ni huru na vimeunganishwa na "but". "Compound-complex".

Imebaki ile ya "Had I known you were coming, I would have cooked." Kwanza kuhusu "conditional". Hukukosea maana, sentensi hii kweli ni ya sharti. Vitabu vyetu vya Kiswahili hupanga sentensi shurutia kwenye safu moja na sahili, ambatano na changamano, kwa kuwa sharti letu lina alama yake ndani ya vitenzi, "-nge-" au "-ngali-", pande zote mbili. Kiingereza hakiipi sharti chumba chake katika orodha ya miundo. Kishazi cha "if" ni tegemezi kama vile cha "when" au "because", na sentensi ya sharti yenye kishazi huru kimoja huingia kwenye changamano.

Sasa hesabu nami. Vitenzi: "had known", "were coming", "would have cooked", katika kila kundi njeo imekaa kwenye kisaidizi cha mwanzo. Wenye vitenzi: "I", "you", "I". Vishazi vitatu, na humo ndani hakuna kiunganishi hata kimoja. "I would have cooked" ndicho huru, hakijaingia ndani ya kingine. "Had I known" ni "if I had known" iliyopoteza "if". Kiingereza kimeipisha "had" mbele ya kiima ili kulipia neno lililoondoka, na mpangilio huo ukiuona mwanzoni mwa taarifa isiyo swali, "had I", "were she", "should you", soma "if". Na "you were coming" kinajibu "ningalijua nini?", kama "he is sick" ilivyojibu, "that" yake imedondoka. Kiswahili chake ni "Ningalijua unakuja, ningalipika", nasi pia "kuwa" tumeiacha njiani. Rudi kwenye daftari lako, pembeni ya ile alama ya kosa, uandike: "complex", huru kimoja, tegemezi viwili, cha pili kimekaa ndani ya cha kwanza.